Kigari Chenye Cheti na Jiwe Lisilo na Jina

Miongoni mwa mambo ambayo wasomi wetu huyapuuza kwa kuyaona ya kitoto ni tabia ya watu wazima kukusanya vigari vidogo vya madini. Mtu akisikia kwamba mzee wa miaka hamsini huko Marekani, au kijana mwajiriwa hapa Nairobi, ametenga kabati zima kwa ajili ya vigari visivyoweza kubeba hata kuku, hucheka na kuendelea na shughuli zake. Maoni yangu ni kwamba kicheko hicho kinatugharimu. Katika kabati hilo mna somo la uchumi, la historia na la lugha ambalo walimu na wanafunzi wa kaunti za Kisii na Nyamira, pengine kuliko Wakenya wengine, wanapaswa kulitafakari.

Tuanze na historia. Mwaka wa 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa gari lililoitwa GTO, nayo Ford ikatoa Mustang. Yakafuata mengine kama Chevrolet Camaro na Dodge Charger. Yalikuwa magari ya bei ya wastani yaliyotiwa injini kubwa kupita kiasi, na Wamarekani wakayapa sifa ya misuli. Enzi yake haikudumu. Gharama za bima zilipanda, sheria za moshi zikakazwa, na mafuta yalipoadimika mwishoni mwa 1973 injini za aina hiyo zikawa mzigo. Kilichobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu ni bidhaa. Tayari mwaka wa 1968 kampuni ya Mattel ilikuwa imeanza kuuza vigari vya Hot Wheels, kumi na sita kwa mkupuo wa kwanza, vikiwamo Camaro, Mustang, Firebird na Barracuda. Mchanganyiko wa zinki huyeyushwa, ukamiminwa katika kalibu, kigari kikapakwa rangi, kikatiwa magurudumu na kufungwa katika kijisanduku.

Hadi hapo hatujaona ajabu yoyote. Ajabu ni kwamba kigari cha kawaida cha namna hiyo huuzwa Marekani kwa dola moja na ushei, ilhali ndugu yake wa kalibu ile ile anaweza kuuzwa kwa mamia ya dola. Tofauti haiko katika zinki. Mwaka wa 1995 kampuni hiyo ilitoa mfululizo wa vigari kumi na viwili vya kuwindwa madukani, kila aina ikiwa na nakala 10,000 tu. Kampuni nyingine zinazotengeneza vielelezo vikubwa zaidi hutoa nakala mia kadhaa au elfu chache, kisha kila nakala hupewa nambari yake na cheti kinachoeleza ni ya ngapi kati ya ngapi. Sanduku likiraruka, bei hushuka. Cheti kikipotea, bei hushuka zaidi. Kwa hivyo anachonunua mkusanyaji, pamoja na madini, ni maelezo: nani alikitengeneza, lini, na kwa idadi gani.

Nchini Kenya jambo hili hujidhihirisha waziwazi zaidi. Gari halisi la aina hiyo lina usukani upande wa kushoto, nasi twaendesha upande wa kushoto wa barabara kwa usukani wa kulia. Isitoshe, kanuni za kuagiza magari yaliyotumika hutaka gari lisizidi umri wa miaka minane. Kijana wa Keroka au Nyansiongo anayeipenda Mustang ya 1969 hana matumaini makubwa ya kuiona ikipanda mlima kwao. Anachoweza kumiliki ni umbo lake dogo pamoja na hadithi yake. Simlaumu. Ninachouliza ni kwa nini hadithi ya gari ambalo halikuwahi kupita barabara zetu imetunzwa kwa uangalifu kiasi hicho, huku kitu kinachotoka katika ardhi yetu wenyewe kikiondoka bila hadithi yoyote.

Kitu hicho ni jiwe la Tabaka. Katika eneo la Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, familia nyingi huishi kwa jiwe laini la sabuni, liwe jeupe, la waridi, la kijivu au jekundu. Wanaume hulichimba kwa mikono katika machimbo ambayo kuta zake hazina tegemeo la kutosha. Wachongaji hulikata kwa msumeno na panga, wakalipa umbo kwa kisu. Kisha jiwe huenda kwa wanawake, ambao hulilowesha na kulisugua kwa msasa mpaka ling'ae. Zamani Abagusii walitengeneza kwa jiwe hilo bakuli, kiko na ubao wa kuchezea bao. Leo twaona sahani, vifaru, seti za sataranji na sanamu za familia zilizokumbatiana, na zote hupatikana katika maduka ya watalii Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Tazama sasa kinyume kilichopo. Kigari cha zinki kimetoka katika kalibu pamoja na maelfu ya wenzake, na upekee wake umetungwa na idara ya mauzo. Kifaru wa Tabaka amechongwa kwa mkono, na hata mchongaji mwenyewe hawezi kumrudia sawasawa, kwa kuwa mishipa ya jiwe haifanani. Kwa haki, kila mchongo ni nakala ya kwanza na ya mwisho. Hata hivyo, chenye cheti ni kigari. Aghalabu chini ya mchongo pameandikwa neno "Kenya" tu, au hapana neno lolote. Hapana jina la mchongaji, la kijiji, wala la mwaka.

Walimu wenzangu wa lugha watalitambua tatizo hili upesi, kwa maana tunalifundisha kila muhula. Nomino ya kawaida hutaja aina, na nomino ya kipekee hutaja kimoja kisichobadilishika na kingine. Neno "kifaru" laweza kumaanisha kifaru yeyote, kwa hivyo mnunuzi akiona bei haimpendezi huhamia meza ya pili, anakomkuta kifaru mwingine. Jina likiingia, hali hugeuka. Ushahidi tunao nyumbani. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alichonga kwa jiwe hilo hilo, na ndege wake wa amani amesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Hapana shaka kipaji chake ni kikubwa. Lakini kazi yake hutajwa, hujadiliwa na kutunzwa kwa jina lake, ilhali za jirani zake hupakiwa kwa gunia na kuhesabiwa kama viazi.

Mambo haya yana uzito zaidi siku hizi kuliko zamani. Tarehe 29 Agosti 2025 serikali ya Marekani iliondoa nafuu iliyoruhusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru. Hatua hiyo iliwagusa wakusanyaji wa vigari vya kuagizwa, na vile vile kila muuzaji wa vinyago aliyezoea kutuma kifurushi kimoja kimoja. Gharama inapoongezwa juu ya kitu, kisicho na jina ndicho huachwa kwanza, kwa sababu mnunuzi anaweza kukipata kingine kinachofanana nacho popote. Mwenye kutafuta kazi ya mtu fulani huvumilia ushuru. Mchongaji asiye na jina hana ngao.

Sheria nayo haimsaidii asiyejitambulisha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inahesabu sanamu miongoni mwa kazi za sanaa zinazolindwa. Marekebisho ya 2019 yaliongeza haki ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Ni haki njema. Lakini asilimia 5 hiyo italipwa kwa nani ikiwa chini ya jiwe hamna maandishi? Wahenga walituachia methali inayotosha: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nazijua hoja za wanaopinga. Ya kwanza husema kwamba sanaa ya Tabaka ni ya jamii: mmoja alichimba, wa pili akachonga, wa tatu akasugua, wa nne akachora nakshi, na kuandika jina moja ni kuwadhulumu watatu. Hoja hii ni nzito, hasa ikizingatiwa kwamba jina lingelikuwa la mwanamume na msasa ukabaki kwa mwanamke. Jawabu langu ni kwamba majina yote manne yanaenea katika kikaratasi cha ukubwa wa kiganja. Ya pili husema kwamba wachongaji huigana, kwa hivyo idadi haiwezi kudhibitiwa. Kuigana kupo, na ndiko kumeshusha bei. Hata hivyo, vyama vya ushirika vipo Tabaka, na kikundi kikikubaliana kwamba umbo fulani litachongwa mara hamsini tu kwa mwaka, kisha kila moja likatiwa nambari, kitakuwa kimeahidi jambo kinaloweza kulisimamia. Ya tatu hukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kweli, jina laweza kuleta kiburi na uzembe. Lakini jina hilo hilo humwezesha mnunuzi kumjua mzembe na kumwepuka, jambo lisilowezekana leo.

Yote haya yanamhusu vipi mwalimu wa Nyamira, ambako jiwe hilo si kazi ya kijiji na chai ndiyo iliyotanda milimani? Yanamhusu kupitia watoto. Katika kaunti zote mbili watoto wamekuwa wakitengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya pati-pati kuukuu na usukani wa fito ndefu, na vigari vya mbao vya kuteremkia miteremko. Gari hilo Mgusii huliita "egari", neno lililotoka India, likapita katika Kiswahili, kisha likavikwa kiambishi cha Ekegusii na kuwa mwenyeji. Ndivyo mtoto afanyavyo kwa waya: huchukua umbo lililoundwa ng'ambo, akalivika ujuzi wa kwao. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, huwataka wanafunzi wafinyange na kuunda vitu kwa malighafi za mazingira yao. Kwa kawaida, kazi hizo zikishapewa alama hutupwa muhula unapofungwa.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti ya wizara. Kila shule itenge rafu moja. Kila mwaka walimu na wanafunzi wachague kazi chache bora, ziwe za waya, mbao, udongo au jiwe, na chini ya kila moja mwanafunzi aandike maelezo kwa Kiswahili na kwa Ekegusii: jina la mtengenezaji, kijiji, tarehe, malighafi na namna ilivyoundwa. Hilo ni zoezi la insha, la istilahi na la tafsiri kwa pamoja. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na mkusanyo wa historia yake yenyewe. Muhimu zaidi, itakuwa imelea kizazi kinachoona aibu kuachia kazi ya mikono yake itoke mlangoni bila jina.

Serikali za kaunti zina zamu yao pia. Machimbo yanahitaji kuimarishwa kabla ya masoko kupanuliwa, kwani cheti kizuri hakimfufui mchimbaji aliyefunikwa na udongo. Na jiwe lenyewe lina mwisho. Kalibu ya zinki yaweza kujazwa tena kesho, bali mlima ukishachimbwa haujazwi. Kwa maana hiyo, bidhaa ya nakala chache kwa hakika ni ile ya Tabaka, nasi ndio tunaoiuza kana kwamba haina kikomo.