Kutu ya kahawa: fedha ziende kwenye miche

Geuza jani la mkahawa wa zamani huko Kasulu au Kibondo mvua zikiwa zimekolea, na mara nyingi utakuta upande wa chini una madoa ya unga wa rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo kutu ya majani. Unga ule ni mbegu za kuvu, nazo husambazwa na upepo na matone ya mvua. Jani lililoshikwa hudondoka kabla ya wakati wake, na tawi lililopukutika mwaka huu halina nguvu ya kubeba buni mwakani. Dawa za shaba, yaani mrututu na jamaa zake, zinasaidia, sibishi. Ila kazi yake ni kuzuia kuvu asiingie. Akishaingia ndani ya jani hazimtoi. Zinatakiwa zipigwe mvua zinapoanza, zifike chini ya jani, na zirudiwe kwa sababu mvua huziosha. Mkulima mwenye bomba la kuazima na maji ya kupandisha kutoka bondeni ataiwezaje ratiba hiyo? Hupiga akishauona unga, na hapo amechelewa. Kwa hiyo ruzuku ya kilimo cha kahawa ianzie kwenye miche. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, yenye makao Lyamungo, imetoa aina zinazostahimili kutu pamoja na chulebuni, ugonjwa unaoshambulia buni.

Wapo wanaosema mche mpya hukaa takriban miaka mitatu bila kuleta pesa, na ada za watoto hazingoji. Ni kweli, ndiyo maana shamba lising'olewe lote kwa mkupuo: mistari michache kila mwaka inatosha, ile ya zamani ikiendelea kuchumwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba kuvu naye hubadilika. Honduras waliitegemea mno aina ya Lempira, na kufikia 2017 ilikuwa imeshindwa na kutu. Hilo linatudai tupande aina kadhaa kwa kuchanganya, tupogoe na kutia mbolea, maana mti wenye njaa uliobeba buni nyingi ndio unaoumia zaidi. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Sehemu yake ijenge vitalu kwenye vyama vya msingi, ili miche iwe tayari mvua zinapoanza, na mkulima wa kijiji cha mbali asilazimike kuifuata mjini.