Kipande Nacho ni Vazi

Usione vyaelea, vimeundwa. Wahenga waliusema msemo huu juu ya vyombo vya bahari, lakini waifaa pia sinema inayosimulia mambo ya kale. Mji tuuonao katika filamu haukuota kama uyoga. Uliundwa kwa mbao, misumari na rangi. Gauni alivaalo mwigizaji lilikatwa na fundi aliyezichungua picha za zamani hata akaijua idadi ya vifungo. Kazi hiyo ni ya ustadi, na yastahili heshima. Tunalolipinga ni dai linaloifuata kama kivuli: kwamba nyumba na maleba yakiwa sahihi, basi zama zenyewe zimeonyeshwa kwa haki. Dai hilo ni la uongo, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa sababu ni uongo uliovaa vizuri.

Tutwae mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1985 ilitolewa filamu iitwayo Out of Africa, iliyoelekezwa na Sydney Pollack. Yahusu maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyeishi Kenya tangu 1914 hadi 1931, akilima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Nairobi ya zama hizo ilijengwa upya huko Lang'ata, na maleba yakabuniwa na Milena Canonero, bingwa wa kazi hiyo. Filamu ilitunukiwa tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ya ubunifu wa mandhari. Watazamaji wa nchi nyingi waliitazama, wakarudi makwao wakiamini kwamba wameiona Kenya ya kale.

Je, waliiona? Waliona kofia pana, magauni na meza za karamu. Lakini miaka hiyohiyo ilikuwa na vazi jingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 kuchukua kipande, yaani cheti chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake kwa waajiri. Wengi walikitia katika kikebe cha chuma, wakakitundika shingoni kwa kamba. Asiyekuwa nacho aliadhibiwa; aliyeacha kazi bila idhini ya bwana wake alifuatwa kwa hicho hicho. Vazi hilo halikushonwa na fundi, wala mvaaji hakulichagua, lakini lilieleza zama zile kuliko gauni lolote la hariri. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika Nairobi kudai kufunguliwa kwa Harry Thuku, mmoja wa waliokipinga kipande, na watu wakapigwa risasi, wengine wakafa. Siku hiyo Karen Blixen alikuwa bado na shamba lake. Katika filamu ile Thuku hayumo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wako watakaotujibu: "Hiyo ni hadithi ya mapenzi, si somo la historia." Jawabu hilo halitoshi. Hadithi ya mapenzi yaweza kusimuliwa mbele ya pazia tupu, na wasikilizaji wakalia machozi. Kwa nini basi pajengwe mji mzima? Ajengaye mji anaomba aaminiwe, na aombaye kuaminiwa hana budi kukubali kuulizwa. Wala uangalifu wenyewe haukuwa sawa mahali pote. Denys Finch Hatton alikuwa Mwingereza, lakini Robert Redford alimwigiza kwa lafudhi ya Kimarekani. Koti lilichunguzwa, ulimi ukasamehewa.

Wengine husema kwamba kosa dogo halidhuru. Na wawatazame simba wa Tsavo, waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898. Miili yao imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago, na kila aendaye huko huona kwamba ni madume yasiyo na manyoya marefu ya shingoni. Filamu ya The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, iliyopigwa Afrika Kusini, iliwaonyesha simba wenye manyoya tele, ikaongeza na mwindaji wa Kimarekani ambaye hakuwapo kamwe. Simba hana wa kumlilia. Lakini mkono uliozoea kumvika simba asichokuwa nacho, utashindwaje kumvua binadamu alichokuwa nacho?

Hatusemi kwamba kazi hii haiwezekani kufanywa kwa haki. Mwaka 1966 Gillo Pontecorvo wa Italia alitoa The Battle of Algiers, juu ya mapambano ya Waaljeria na Wafaransa. Aliipiga katika vichochoro vyenyewe vya Casbah, na waigizaji wake karibu wote walikuwa watu wa kawaida. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi katika mapambano hayo, aliigiza sehemu iliyofanana na yake mwenyewe. Humo wanawake wanavua haiki, shuka jeupe la kujifunika, na kuvaa kizungu, ili askari wa vizuizini wawapishe na mabomu yao. Hapo vazi si pambo la macho; vazi ndilo historia yenyewe, kwa maana mtazamaji huona jinsi nguo ilivyoamua nani apite na nani azuiwe.

Ninyi msomao kurasa hizi, baadhi yenu mtashika kamera, wengine mtashika sindano na nyundo. Msiishie kuuliza gauni lilikuwa na vifungo vingapi. Ulizeni ni nani aliyelifua, kwa mshahara gani, na shingoni mwake palining'inia nini. Nendeni katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi. Fungueni masanduku ya babu zenu. Waandikeni wazee maneno yao kabla hawajazikwa nayo. Mji wa mbao hubomolewa filamu ikiisha, lakini sura yake hubaki katika vichwa vya watu kwa miaka mingi. Kama hatukuujenga sisi kwa ukweli, wataujenga wengine kwa urembo, nasi tutapangwa humo kama miti ya kando ya njia.