Ukienda Italia, uliza kipimo kabla ya kuagiza samaki

Msomaji mpenzi, wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Popote apitapo huonekana, na aghalabu anayemwona kwanza ni mwenye mkahawa. Leo nawaandikia wale wanaoweka akiba pole pole ili siku moja waipeleke jamii likizoni Italia, pamoja na wanafunzi waendao huko kwa masomo. Nauli ya ndege hulipwa mara moja, ukajua umetoa kiasi gani. Tumbo, kwa upande wake, hudai mara tatu kwa siku.

Hayo niliyajua Agosti 2023. Shule zilikuwa zimefungwa, nami na baba watoto tukawachukua wanetu wawili kwenda kumtembelea mdogo wangu aliyekuwa akisoma Bologna. Tulitenga yuro 80 kwa siku, ziwe za chakula cha watu wanne. Kwa hesabu rahisi ya shilingi 150 kwa yuro 1, hizo ni shilingi 12,000. Nilidhani zingetosha na kubaki.

Jioni ya pili mjini Roma tuliingia mkahawa mmoja wenye vitambaa vyeupe mezani. Kwenye menyu niliona samaki wa kuoka, yuro 7. Nikamwambia baba watoto kwamba bei kama hiyo hata Nairobi ni ya kutafuta. Mhudumu alituletea samaki mbichi kwenye sinia atuonyeshe, nasi sote tukakubali kwa vicheko. Bili ilipofika, samaki peke yake alikuwa yuro 98. Ukijumlisha maji, mkate, saladi na viazi, jumla ilikuwa yuro 139.

Hakuna aliyetuibia. Kando ya ile 7 paliandikwa maneno madogo: "l'etto". Etto moja ni gramu 100, na samaki wetu alikuwa na uzani wa kilo 1.4. Baba watoto alilipa bila kusema neno. Njiani kifungua mimba wetu, aliyekuwa na umri wa miaka 9, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, kesho tutakula?" Swali hilo lilinichoma kuliko bili yenyewe.

Usiku huo nilimpigia simu mdogo wangu. Alicheka kidogo, kisha akasema: "Dada, huku hulipii chakula pekee. Unalipia kipimo, unalipia kiti, na unalipia mahali kiti kilipo." Maneno hayo ndiyo yaliyotuokoa siku zilizobaki.

Tuanze na kipimo. Katika soko la Marikiti hakuna mama anayesikia bei ya mahindi asiulize kama ni ya gorogoro au ya gunia. Italia nako ni vivyo hivyo. Samaki, nyama ya kuchoma, jibini na hata ile pizza ya kukatwa vipande, iitwayo "pizza al taglio", huuzwa kwa etto au kwa kilo. Muuzaji wa pizza hukuonyesha kwa kisu atakapokata. Mwambie asogeze kisu kama ni kikubwa mno, kisha tazama mizani. Hakuna aibu.

Pili ni kiti. Katika mabaa ya Italia, ambayo kwa kweli ni sehemu za kahawa na mikate, bei huwa mbili: ya kusimama kaunta, "al banco", na ya kuketi mezani, "al tavolo". Kahawa ya kaunta hugharimu takriban yuro 1 hadi 1.50. Ukiketi, hasa penye watalii, kikombe kile kile huweza kugharimu mara mbili, mara tatu au zaidi. Kule Venice, katika uwanja wa San Marco, kuna mkahawa wa Florian uliofunguliwa mwaka wa 1720, na wachezapo wanamuziki wake hata muziki huongezwa kwenye bili. Ukitaka kuonja historia, lipa ukijua unalipia nini. Ukitaka kahawa tu, simama kaunta kama wenyeji.

Mikahawani pia kuna ada ya kuketi iitwayo "coperto", ambayo aghalabu ni yuro 1.50 hadi 3 kwa kila kichwa, watoto wakiwemo mara nyingi. Mkoa wa Lazio, uliko mji wa Roma, uliikataza kwa sheria ya 2006, lakini mikahawa huweza kutoza mkate, "pane". Kama humhitaji mkate huo, urudishe kabla hujaumega. Bahashishi si lazima.

Tatu ni mahali. Ukiwa umeketi ukitazamana na jengo maarufu, jua kwamba jengo nalo limo kwenye bili. Tembea mitaa minne au mitano, utafute kibao cha "menù del giorno" au "pranzo di lavoro", chakula cha mchana cha wafanyakazi, ambacho mara nyingi huwa kati ya yuro 10 na 15. Wala usidhani ni lazima uagize kila kilichoandikwa kwenye menyu. Sahani ya kwanza, "primo", ni tambi au wali, na moja humshibisha mtu. Ya pili, "secondo", ni nyama au samaki, na huja peke yake. Mboga na viazi huagizwa na kulipiwa kando. Waendao Agosti wakumbuke kwamba karibu na sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15, mikahawa mingi ya kifamilia hufungwa, wenyewe wakiwa pwani.

Maji nayo si ya kununua kila saa. Roma ina mabomba ya barabarani kama 2,500 yaitwayo "nasoni", yaliyoanza kuwekwa mwaka wa 1874. Maji yake ni safi na baridi. Beba chupa yako. Epuka tu bomba lililoandikwa "non potabile", yaani maji yasiyofaa kunywa.

Tena msione haya kula chakula cha wananchi wa kawaida. Mjini Florence tulikula mkate uliojazwa "lampredotto", ambayo ni matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa kwa viungo, kwa kama yuro 5 kila mmoja. Baba watoto, mpenzi mkubwa wa matumbo, alirudi foleni mara ya pili. Naples ina pizza ya margherita, na Palermo ina "panelle", vitumbua bapa vya unga wa dengu. Wasiokula nguruwe waulize kwanza, kwani nyama yake huingia hata kwenye mchuzi wa tambi, na mafuta yake kwenye baadhi ya mikate.

Ukinunua chakula cha kubeba, angalia unapoketi. Kula umeketi chini katika uwanja wa San Marco mjini Venice ni kosa la faini, na tangu 2019 ngazi za Piazza di Spagna mjini Roma haziketiwi. Tafuta benchi la bustani.

Sasa hesabu. Kwa watu wanne, kifungua kinywa cha kaunta, kahawa au maziwa na mkate mtamu, ni kama yuro 12. Tambi za mchana mezani, pamoja na ada ya kuketi, ni yuro 45. Jioni, vitu vya dukani vya kupika au kula baridi, yuro 15. Aiskrimu ndogo ya watoto, yuro 6. Jumla ni yuro 78. Bei hutofautiana mji kwa mji, na Venice ni ghali zaidi, lakini mpango ni huo huo: mlo mmoja tu wa kuketi kwa siku, nao uwe wa mchana.

Pengo la samaki tulilizibia Bologna, ambako tulipika jioni zote nyumbani kwa mdogo wangu. Usiku wa kwanza alitoa dukani unga wa mahindi, ule wenyeji wa kaskazini wapikao "polenta", akausonga mpaka ukashika. Ulikuwa wa manjano, lakini mwiko haukudanganya. Yule mwanangu wa swali la Roma alimega tonge, akatafuna, akasema: "Kumbe huku pia kuna ugali!" Hakuuliza tena kuhusu kesho.

Kuuliza si ujinga, msomaji. Ningeuliza neno moja tu siku ile, samaki angebaki sinia.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.