Mutoto mwenye kufunga-funga macho haiko mulozi

Bazazi, tusemezane wazi. Uko na mutoto wa miaka 6 ao 7. Siku moja anaanza kufunga-funga macho kwa nguvu, mara anayageuza juu, mara anayatupa kando kama mwenye kuona mutu kwenye ukuta. Mama anamukaripia: "Acha ile!" Anaacha kidogo, anaanza tena. Mwalimu anazani anamuchekelea. Jirani ananongona, na mbele ya juma kuisha neno "bulozi" limekwisha ingia mu nyumba.

Ile kitu iko na jina: tiki. Munganga Mufaransa Georges Gilles de la Tourette aliandika juu ya ugonjwa wa namna ile tangu 1885. Inatoka mu ubongo. Mutoto anasikia hamu mu macho, kama vile unasikia chafya inakuja: unaweza kuizuia kidogo, lakini itatoka tu. Ndiyo maana akikaripiwa anaacha, na sisi tunasema: "Munaona? Alikuwa anafanya makusudi!"

Tiki inaanza mara nyingi kwenye macho, na inapata zaidi batoto wanaume. Inakuwa nguvu karibu na miaka 10 mpaka 12, kisha kwa wengi inapunguka. Uchovu na woga vinaiongeza, kwa hiyo makelele yetu yanaiongeza pia. Kwa kawaida haiharibu macho, lakini mutoto akisoma anapoteza mustari, na tunamuita mujinga.

Sisi wa Kolwezi na Likasi tuko na vumbi ya karieri na ya barabara. Macho yenye kuwasha, ao yenye kutoona muzuri mbali, nayo yanafunga-funga. Basi kwanza mumupeleke kwa munganga wa macho. Na kama wakati ule mutoto anakuwa kama hayuko, munamuita haitike, mukimbie lopitali: inaweza kuwa kifafa.

Mutaniambia feza ya munganga haiko, mushahara haujatoka. Lakini feza ya kufukuza pepo tunaipataka! Mimi pia nasali, sikatazi maombi. Ninakataa kumunyima mutoto chakula, kumupiga, kumufukuza. Katiba ya inchi yetu, artikle 41, inakataza kumushitaki mutoto bulozi, na sheria inaazibu mwenye kufanya vile, hata akiwa baba yake.

Kesho asubui, baba ao mama aende kumuona mwalimu. Amuombe kitu kimoja tu: asimusimamishe ule mutoto mbele ya wenzake juu ya macho yake.