Askari Mwaminifu Alikuwa Anadai

Mwaka 1929 kijana wa Dar es Salaam aitwaye Mahjub bin Adam Mohamed alikwenda Berlin kudai mshahara. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, mwana wa askari aliyefikia cheo cha efendi katika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, baba na mwana waliingia jeshini, mtoto akiwa na miaka 10 tu. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kwenye Mkoa wa Lindi wa leo, akachukuliwa mateka na Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Baada ya miaka mingine 12 akapeleka madai yake kwenye Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani: malimbikizo yake na ya baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa.

Neno malimbikizo halihitaji maelezo nchini kwetu. Kila aliyelelewa na mwalimu wa shule ya msingi analijua. Ndiyo maana nashangaa kwamba tunapomzungumzia askari mweusi wa vita vile, hatumzungumzii kama mtu aliyekuwa anadai. Tunamzungumzia kama mtu aliyekuwa mwaminifu.

Sifa hiyo hatukuitunga sisi. Ilitungwa na waliomtuma. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na wenzake walirudi Ujerumani, wakaandika vitabu, na katika vitabu hivyo askari wa Kiafrika alimpenda bwana wake mpaka mwisho. Ilikuwa hadithi yenye kazi maalumu: kuwaambia walimwengu kwamba Ujerumani ilitawala vizuri na ilistahili kurudishiwa makoloni. Sifa ya uaminifu ni rahisi pia mfukoni. Anayedai hulipwa fedha, lakini anayependa hulipwa shukrani. Hoja yangu ni kwamba karne moja baadaye bado tunamlipa mtu huyu kwa sarafu ileile, na kwamba ni wakati wa kuuliza maswali ambayo karani yeyote wa mishahara angeuliza: aliitwa nani, alikuwa kikosi gani, alikamatwa wapi, na alikuwa anadai nini?

Tuanze na kikosi, kwa sababu sisi wa nyanda za kati tuna sehemu yetu katika habari hii ingawa hatuisemi. Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa na askari wapatao 2,500, waliogawanywa katika kampuni 14. Kila kampuni ilikuwa na askari kama 160 chini ya Wajerumani wachache, na nyuma yao mamia ya wapagazi. Kampuni ya 4 ilikuwa Kilimatinde, pale juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, Manyoni ya leo. Kampuni ya 13 ilikuwa Kondoa Irangi, na Novemba 1914 ilipelekwa Tanga kupigana na jeshi la Uingereza lililoshuka kutoka India. Mwanafunzi wa kidato cha nne Dodoma anaweza kukueleza risasi ya Sarajevo na miungano ya mataifa ya Ulaya. Muulize Kampuni ya 13 ilikuwa wapi. Ilikuwa Kondoa, safari ya saa chache kwa basi kutoka alipoketi akisoma.

Jina la kikosi halitoshi. Askari wa Kondoa hakuwa lazima Mrangi, wala wa Kilimatinde Mgogo. Wengi waliandikishwa mbali, Unyamwezini, Usukumani, Manyema, wengine wakiwa wana wa askari walioletwa kutoka Sudan. Kwa hiyo ukimkuta babu katika ukoo aliyekuwa "askari wa Kondoa", hujajua alizaliwa wapi, wala nani alimlilia. Mzungu aliyemwamuru ana jina, cheo, mahali pa kuzaliwa, na mara nyingi picha. Chini yake inaandikwa idadi: askari 160.

Sasa tuje kwa mateka. Aprili 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer, wengi wao Makaburu wa Afrika Kusini, waliingia Kondoa Irangi. Mwishoni mwa Julai walikuwa Dodoma, wamekalia reli ya kati. Katika vita hivyo askari wa Wajerumani walikamatwa, wengine wakasalimu amri, wengine wakatoroka. Hadithi ya uaminifu haipendi kueleza kilichofuata. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya 6 ya King's African Rifles, ile ambayo wazee wetu waliiita Keya, na waliijaza kwa sehemu kubwa askari waliokuwa wa Wajerumani. Mtu yuleyule, bega lilelile, bunduki nyingine.

Je, aligeuka msaliti? Swali hilo lina maana tu ukiamini kwamba awali alikuwa na mapenzi. Mimi naona mtu aliyekuwa na kazi. Mwajiri wake alishindwa, mwajiri mpya akaja na masharti yake, naye akiwa ndani ya uzio wa mateka akapima. Hatujui kila mmoja alipima vipi, wala ni wangapi walikuwa na nafasi ya kukataa. Lakini kupima ni jambo la mtu mwenye akili yake, na ndilo ambalo neno "mwaminifu" linamnyima. Tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika vita hivi nyasi zilipewa bunduki na kuambiwa zichague tembo.

Waliobaki na Lettow-Vorbeck waliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Walikuwa askari zaidi ya 1,100. Njia za mateka hawa zikaachana. Askari waliwekwa kambini Tabora. Maofisa wa Kizungu waliendelea na treni hadi Dar es Salaam, kwa reli hiihii inayopita Dodoma, wakapanda meli, na Machi 1919 wakaandamana mitaani Berlin wakishangiliwa kama mashujaa.

Angalia treni hiyo ilikatiza nchi gani. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilikuwa katika njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya. Mvua zilikatika, lakini kabla ya mvua walipita wanajeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Waingereza walipokuja wakachukua tena ng'ombe, nafaka na wanaume. Katika nchi ya ukame ng'ombe ndiye ghala, ndiye benki, ndiye bima. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hii, anakadiria kwamba watu 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 wa Ugogo. Mtu mmoja katika kila watano. Hao hawakuwa na kampuni wala namba, ila deni lao linatokana na vita vilevile. Hata wapagazi, ambao kwa upande wa Waingereza peke yake zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, walitoka vijiji vya namna hii. Jina lao tunalo Kariakoo. Tunalitamka kila siku tukitafuta bei nafuu ya viatu.

Turudi kwa Husen. Alipokataliwa malimbikizo alibaki Berlin. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, alicheza sehemu ndogondogo kwenye filamu, mara nyingi akiwa mtumishi mweusi nyuma ya nyota mweupe. Alioa Mjerumani mwaka 1933. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kizungu, na bila kesi mahakamani akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kiliwekwa kwenye lami mbele ya nyumba aliyoishi Berlin.

Kati ya maelfu ya askari wa vita vile, huyu ndiye ambaye maisha yake tunaweza kuyafuata karibu mwaka kwa mwaka. Sababu yake inatia uchungu: aliishi mahali ambapo kila ombi lilifunguliwa faili, na mwishowe aliangukia mikononi mwa wauaji waliopenda makaratasi. Mwenzake aliyerudi Singida akafa kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu, hana faili. Ikiwa Mwafrika anaingia katika historia pale tu mtesaji wake anapoandika, basi mtesaji ndiye mwandishi wetu mpaka leo.

Halafu ukaja mwaka 1964. Machi mwaka huo Lettow-Vorbeck alifariki Ujerumani, na Bunge la Ujerumani Magharibi likaamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Mtu wa benki aliyeleta fedha akawapa wasiokuwa na karatasi ufagio, mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea.

Kisa hiki husimuliwa kwa tabasamu, kama ushahidi kwamba askari hakusahau. Mimi nakiona tofauti. Mzee wa miaka 70, aliyebeba bunduki kabla mlipaji wake hajazaliwa, anashikishwa ufagio na kuamriwa ageuke kulia ili athibitishe kwamba anastahili haki yake. Kumbukumbu yake ilikuwa kamili. Iliyopotea ni karatasi ya mwajiri, na adhabu ya kupotea kwake akaibeba mfanyakazi. Mzee wetu yeyote aliyewahi kuzungushwa kwa pensheni ataitambua ofisi hiyo.

Januari mwaka huohuo, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Lugalo ya leo. Walitaka nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tanganyika Rifles ilikuwa na mizizi katika ile batalioni ya 6 ya Keya, iliyoanzishwa kwa mateka wa 1917. Serikali ililivunja jeshi hilo, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ. Sitetei maasi. Nasema tu kwamba ukiifuata nasaba ya kikosi hiki tangu mwanzo hadi mwisho, utasikia suala la mshahara mara nyingi kuliko wimbo wa mapenzi.

Najua jibu ninalongojewa. Askari hawa ndio waliochoma ghala na vijiji wakati wa Maji Maji, vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Kwa nini tuwaandike? Ni hoja nzito na siikwepi. Lakini kuandika jina la mtu si kumvika nishani. Jina ni kitu cha kumshukuru mtu nacho, na pia cha kumshitaki. "Askari" asiye na jina hawezi kulaumiwa kwa kijiji chochote. Kimya chetu kinamlinda mkatili na kumfuta mtoto wa miaka 10 kwa pamoja. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama tangu 1927, na maandishi yake kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, bila jina la mtu hata mmoja. Sanamu ya namna hiyo haimheshimu mtu wala kumhukumu.

Wengine watasema kazi hii ni ya Berlin na London. Wameianza, kwa kasi yao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa Maji Maji. Vizuri. Ila anayedaiwa hawezi kuachiwa daftari la deni alitunze peke yake.

Daftari hilo tulitunze sisi, na lianzie hapa. Dodoma ni makao makuu ya nchi, ina chuo kikuu chenye maelfu ya vijana, na idara ya historia. Kila mwaka tunaandika tasnifu, nyingi zikirudia mada ambazo zimeshachoka. Wagawiwe wanafunzi kampuni moja moja: mmoja achukue ya Kilimatinde, mwingine ya Kondoa. Waende Manyoni, Kondoa, Singida na Tabora wakaandike majina ambayo koo zinayakumbuka: askari, wapagazi, wake waliofuata misafara, na waliokufa Mtunya. Wayalinganishe na nyaraka za Kijerumani zilizomo katika Nyaraka za Taifa. Orodha iwe kwa Kiswahili, iwe wazi kwa yeyote mwenye simu, na ioneshe bila aibu palipo na pengo. Wajukuu wa wale wazee wenyewe sasa ni wazee, na kila msiba unafunga ukurasa.

Tukishakuwa na majina ndipo tutaweza kuzungumza na Berlin na London kwa lugha wanayoielewa, lugha ya hesabu. Siyo lazima ziwe fedha mkononi. Yaweza kuwa nyaraka kurudishwa, makaburi kuandikwa, utafiti kugharamiwa. Hayo tutajadiliana. Lakini tusikae mezani tena kama wajukuu wa watu waliopenda sana. Sisi ni wajukuu wa watu waliofanya kazi, wakakamatwa, wakaomba chao wakaambiwa wamechelewa. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna deni linalolipwa kwa mtu asiye na jina.