Wasiwasi Unaoanzia Jikoni na Bafuni

Mwezi huu tuzungumze juu ya mzigo ambao wengi wetu tunaubeba kimya kimya, yaani wasiwasi usiokwisha. Sisemi ule wasiwasi wa mtoto kuchelewa kutoka shuleni au wa ada ya muhula. Huo kila mzazi anao, na jambo likimalizika nao huondoka. Nasema juu ya moyo kwenda mbio bila sababu, mikono kutetemeka, jasho la ghafla, usingizi kukatika saa nane za usiku, na hofu isiyo na jina, kana kwamba habari mbaya iko mlangoni.

Hapa kwetu Buhongwa, mama akiwa na hali hiyo hupewa majibu matatu. Majirani watamwambia ana presha. Ndugu watamwambia amelogwa. Na kanisani hakosi mtu wa kumwambia kwamba imani yake ni haba. Sasa mama huyo ana mizigo miwili: wasiwasi wenyewe, na aibu ya kuwa na wasiwasi. Nimewaona akina mama wanaofunga siku tatu ili hofu iwatoke. Kwa kuwa tumbo ni tupu na damu ni kidogo, hofu inazidi badala ya kupungua.

Dada zangu, akili na mwili hukaa nyumba moja. Kabla hatujapima imani ya mtu, tuangalie kwanza damu yake, sahani yake, kikombe chake, sabuni yake na hewa anayovuta. Hata nabii Elia, alipokimbia kwa hofu na kujilaza chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Damu kidogo, moyo mbio

Katika magonjwa yanayofanana na wasiwasi, la kuangaliwa kwanza kwetu sisi wanawake ni upungufu wa damu. Damu ndiyo inayobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuisambaza mwili mzima. Ikiwa kidogo, moyo hulazimika kupiga haraka ili ile iliyopo izunguke upesi. Mama anasikia moyo unagonga, pumzi zinamwishia akipanda kilima, kichwa kinazunguka, na anachoka kabla kazi haijaanza. Yeye anaiita hofu, kumbe ni moyo unaofanya kazi ya ziada. Tena ubongo nao unahitaji madini ya chuma. Yakipungua, mtu huwa mchovu na mwepesi wa hasira.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa, kwa kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, takriban 45 walikuwa na upungufu wa damu. Huku kandokando ya ziwa sababu ni nyingi: malaria, minyoo ya safura, kichocho kinachotuingia tukifua na kuchota maji ziwani, hedhi nzito, na kuzaa mfululizo bila mwili kupumzika. Kipimo chake ni rahisi, tone la damu kidoleni. Mama asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu, au mjamzito akiwa chini ya 11, ana upungufu na anahitaji kutibiwa, pamoja na kutafutiwa chanzo chake. Kumeza vidonge vya kuongeza damu huku minyoo inaendelea kunyonya ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka.

Chakula cha kujenga damu hakiko mbali nasi. Dagaa wa ziwani, tunaowala wazima na vichwa vyao, wana madini ya chuma, chokaa na vitamini za damu. Maini, nyama, kunde, choroko, mchicha, matembele na nsansa zetu za Usukumani vyote husaidia. Ukila mboga na maharage, kamulia ndimu au maliza kwa chungwa, pera au embe, kwa maana vitamini C huusaidia mwili kufyonza chuma cha mimea. Kinyume chake, chai huzuia chuma hicho. Yule mama anayeshushia ugali na mchicha kwa chai ya rangi amepika vizuri, lakini sehemu kubwa ya faida imepotea. Chai inywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

Njaa na kikombe

Wengi wetu huamka saa kumi na moja alfajiri. Tunakunywa chai kavu, tunaandaa watoto, tunakwenda sokoni au shambani, na chakula cha kwanza cha maana tunakigusa saa tisa alasiri. Mtu akikaa muda mrefu bila kula, mwili hutoa homoni za kuupa nguvu kutoka akiba. Miongoni mwake ni adrenalini, ile ile inayotoka tunapokutana na nyoka njiani. Ndiyo maana njaa kali huleta mtetemeko, jasho na moyo kwenda mbio, na ubongo nao hutafsiri kwamba kuna hatari. Kiporo cha viazi vitamu, michembe na karanga, au uji wa ulezi wenye maziwa kabla ya kutoka nyumbani vinaweza kumtuliza mama kuliko ushauri mwingi. Ikiwa una kisukari na unatumia dawa, dalili hizo ni za hatari zaidi. Tafuta kitu chenye sukari mara moja, kisha mwone mganga.

Ndani ya kikombe nako kuna jambo. Chai, kahawa, soda nyeusi na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, ambayo huuchochea moyo na ubongo. Kopo dogo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida lina miligramu 80 hivi, karibu sawa na kikombe cha kahawa. Kafeini haitoki upesi. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini, na kwa mjamzito hukaa zaidi. Maana yake, kikombe kikali cha saa mbili usiku bado kinakuamsha saa saba. Siwaambii muache chai, maana najua ni nini kuwa na mgeni bila chai. Lakini ikiwa una wasiwasi na hulali, jaribu wiki mbili bila chai kali wala kahawa baada ya saa nane mchana. Punguza kidogo kidogo, maana ukiacha ghafla kichwa kitauma. Mchaichai na maziwa ya moto havina kafeini.

Sabuni iliyotetemesha watu wa Mwanza

Sasa nije kwenye habari ambayo kila mwanamke wa mkoa huu anapaswa kuijua. Katika miaka ya 1990 wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wengi kusini mwa ziwa, nao walitumia zebaki kukamata dhahabu, kama wengine wanavyofanya hadi leo. Zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu. Mtu aliyeathirika hutetemeka, hukosa usingizi, huwa na haya na woga usio wa kawaida, na hukasirika upesi. Basi ikawepo hofu kwamba sumu ya migodini imeingia ziwani, na kutoka ziwani imeingia kwenye samaki tunaowala kila siku.

Mwaka 1996 wataalamu wakiongozwa na Daktari Masazumi Harada wa Japani, aliyejulikana kwa kazi yake miongoni mwa wagonjwa wa zebaki wa Minamata, walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na familia zao, na wakazi wa mjini Mwanza. Ripoti yao ilitoka mwaka 1999. Watu wengi walikutwa na kiasi kidogo. Lakini walikuwepo wachache wenye zebaki nyingi mno. Ilipochunguzwa imetoka wapi, jibu halikuwa samaki. Ilikuwa sabuni ya kuogea yenye zebaki, iliyotumiwa kung'arisha ngozi. Miongoni mwa dalili zilizoandikwa ni kutetemeka, uchovu, kizunguzungu, udhaifu wa mishipa ya fahamu, na madoa meusi na meupe kwenye ngozi. Vipimo vya samaki wa ziwani navyo, kwa jumla, vilionyesha zebaki chini ya kiwango cha tahadhari cha Shirika la Afya Duniani.

Fikirini jambo hilo. Watu walitazama ziwa kwa hofu, na sumu iko kwenye kisahani cha sabuni bafuni. Ni wangapi miongoni mwao waliambiwa wana mapepo?

Shirika la Afya Duniani linataja wasiwasi na huzuni kubwa miongoni mwa madhara ya vipodozi vyenye zebaki, pamoja na kuharibika kwa figo. Zebaki hupita kwenye ngozi, humfikia mtoto tumboni, na hupita kwenye maziwa ya mama. Taulo na mikono huwapelekea hata wasiojipaka. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vya aina hiyo, lakini mkorogo bado unauzwa kwa kificho. Usinunue sabuni au krimu isiyoonyesha vilivyomo, wala isiyo na jina la mtengenezaji. Maandishi yakionya kwamba isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, hiyo ni dalili ya zebaki. Iache hapo dukani. Na kama umetumia muda mrefu nawe unatetemeka na hulali, mwambie daktari wazi, bila aibu. Asipojua hawezi kukusaidia, naye amesikia mengi kuliko hayo.

Moshi na kelele

Mazingira ya nyumba nayo yana sehemu yake. Msimu wa mvua wengi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huchukua nafasi ya hewa safi katika damu. Kichwa huuma, moyo huenda mbio, mtu husikia kama anazimia. Ikiwa hali hiyo hukupata jikoni na hupungua ukitoka nje, shuku jiko kabla hujamshuku jirani. Pika mahali pa wazi, na usilale kamwe na jiko la mkaa ndani.

Sisi wa Buhongwa tuna barabara kuu ya kwenda Shinyanga yenye malori usiku na mchana, tuna dampo la jiji, na tuna baa zenye spika kubwa. Niseme pia ukweli, baadhi ya mikesha yetu wenyewe ina spika zinazowanyima usingizi wagonjwa na wachanga. Mwili unaoamshwa mara kwa mara na kelele haupumziki, na asiyelala huona kila jambo kubwa kuliko lilivyo. Barabara hatuwezi kuihamisha. Lakini spika tunaweza kuzipunguza, kitanda tunaweza kukisogeza mbali na dirisha la barabarani, na serikali ya mtaa ipo kwa ajili ya malalamiko ya moshi wa taka na kelele. Akina mama kumi wakienda pamoja husikilizwa kuliko mmoja.

Wakati wa kwenda hospitali

Msije mkasema nimewaambia kila wasiwasi ni dagaa na ndimu. Kuna wasiwasi unaotokana na mikopo ya kausha damu, ukali wa mume, au msiba, na hapo sahani pekee haitoshi. Kuna wasiwasi ambao wenyewe ni ugonjwa, nao unatibika kwa mazungumzo na kwa dawa. Na kuna tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi: mtu hukonda ingawa anakula, hutoka jasho, moyo hukimbia na mikono hutetemeka. Hiyo huonekana kwa kipimo cha damu.

Kwa hiyo, wasiwasi ukidumu zaidi ya wiki mbili, ukikuzuia kulala au kufanya kazi, nenda kituo cha afya. Omba kupimwa damu, presha, sukari, malaria na choo, na ueleze unakula nini, unakunywa nini na unajipaka nini. Ukihitaji msaada zaidi utapewa rufaa. Bugando wapo wataalamu wa magonjwa ya akili. Ukiwa na maumivu ya kifua, ukizimia, au ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje hata siku moja.

Na wewe uliye mzima, mwezi huu ukimtembelea dada aliyejaa hofu, omba naye, lakini usiende mikono mitupu. Mchukulie dagaa na machungwa, umsaidie kufua, na umsindikize kwenda kupima damu.