Kivu: Maktaba ya shule yaweza kukimbia pamoja na mwalimu

Wakati risasi zinapoanza kulia kijijini, mwalimu hakimbii na kabati ya vitabu. Anabeba mtoto mgongoni, anachukua godoro au sufuria, na simu inabaki mfukoni. Vitabu vya kusoma, ramani ya Kongo, fishi za matayarisho ya masomo, vyote vinabaki nyuma ya mlango uliofungwa haraka. Wakaaji wa Masisi, Rutshuru na Kalehe wanaijua safari hiyo. Wengine wameifanya mara mbili, mara tatu. Kila mara wanaporudi, wanakuta mabenchi yamekuwa kuni, na vitabu vimechomwa au vimelowa mvua.

Shule ikifunguliwa tena, chini ya hema ao katika chumba cha kuazima, mwalimu anafundisha kwa kichwa chake. Anaandika ubaoni yale anayoyakumbuka. Watoto 60 ao 70 wananakili. Yule ambaye mwishoni mwa mwaka atafanya ENAFEP, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, anajitayarisha kwa kumbukumbu za mtu mmoja aliyechoka.

Lakini kati ya vitu alivyokimbia navyo mwalimu huyo, kimoja kingeweza kubeba maktaba nzima. Ni simu. Si lazima iwe na mega, wala si lazima kuwe mtandao. Vyombo vya kufanya kazi hiyo vipo, na programu zake ni za bure. Kinachokosekana katika shule nyingi za Kivu ni mtu wa kuonyesha namna ya kuvitumia, na uamuzi wa wakubwa kwamba kazi hiyo ni sehemu ya msaada kwa shule, sawa na hema na chaki.

Chombo cha kwanza kinaitwa Kiwix. Ni programu iliyoanza mwaka 2007, na inasoma Wikipedia bila intaneti. Mtu anashusha faili mara moja tu, mahali penye mtandao mzuri, kisha anaisoma popote, hata kule ambako mnara wa simu umezimwa. Wikipedia nzima ya Kifaransa pamoja na picha zake ni nzito, inaomba makumi ya gigabaiti. Lakini kuna faili zilizopunguzwa, zisizo na picha au zinazohusu somo moja. Wikipedia ya Kiswahili nayo ni nyepesi, inaingia katika kadi memori ya kawaida. Kuna pia Vikidia, ensiklopedia ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 13. Kwa mwalimu wa darasa la tano ao la sita, hiyo Vikidia inafaa zaidi kuliko ile kubwa, kwa sababu maneno yake ni mepesi.

Hapa kuna shimo moja ambamo wengi wanaangukia. Kadi nyingi za gigabaiti 32 kwenda chini hazipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi imebaki kubwa. Mwalimu anatumia saa nyingi na pesa za kushusha, kisha mwishoni simu inakataa. Dawa yake ni kuchagua faili ndogo, ao kumwomba fundi aitayarishe kadi upya kwa mfumo unaoitwa exFAT, kabla ya kuweka kitu chochote ndani, maana kazi hiyo inafuta vyote vilivyokuwamo. Ni jambo la dakika chache kwa anayejua. Kwa asiyejua, ndiyo mwisho wa safari, na ndiyo sababu mafunzo yana maana kuliko kugawa vyombo.

Chombo cha pili ni Kolibri, kilichotengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani. Chenyewe kinafaa pale ambapo shule ina kompyuta moja, hata ya zamani. Kompyuta hiyo inabeba masomo, video na mazoezi, na simu za wanafunzi zinaungana nayo kwa Wi-Fi ya pale pale darasani, bila mega hata moja. Masomo ya hesabu ya Khan Academy kwa Kifaransa yamo. Mwalimu anaona nani amemaliza zoezi na nani amekwama. Tena, shule moja yaweza kunakilia shule nyingine masomo yake bila kupitia intaneti. Kwa eneo ambalo barabara inafungwa leo na kufunguliwa kesho, hilo ni jambo kubwa: kompyuta moja iliyojazwa mjini yaweza kulisha shule kumi za vijijini.

Haya si mambo ya kuotea. Tangu mwaka 2013 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, HCR, pamoja na mfuko wa Vodafone, wanaendesha madarasa ya namna hiyo katika makambi ya wakimbizi. Walianza Dadaab, nchini Kenya, kisha wakafika Tanzania na hata hapa Kongo. Kama mkimbizi aliyevuka mpaka anaweza kuipata nafasi hiyo, ni haki kuuliza kwa nini mtoto aliyehama kutoka Sake hadi Goma, mwendo wa karibu kilomita 25, aikose kwa sababu tu hakuvuka mpaka.

Chombo cha tatu ni hadithi. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ulifunguliwa mwaka 2014. StoryWeaver, ya Pratham Books ya India, ikafuata mwaka 2015. Zote mbili zina vitabu vya picha kwa watoto, vya Kiswahili na vya Kifaransa pia. Ruhusa imekwisha kutolewa: mwalimu anaweza kuvisoma, kuvichapa, kuvitafsiri na kuvibadilisha bila kumwomba mtu.

Ruhusa hiyo ya kubadilisha ndiyo yenye thamani kubwa kwa Kivu. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo. Darasani ni shida, kwa sababu vitabu vingi vya Kiswahili vinavyopatikana vimeandikwa kwa watoto wa Nairobi ao Dar es Salaam. Mtoto wa Masisi anasema anaenda «ku masomo», hasemi «shuleni». Anasema «kinga» pale kitabu kinapoandika «baiskeli». Mwalimu mwenye hadithi katika simu anaweza kubadilisha maneno machache, na mtoto wa darasa la kwanza akajisikia yuko nyumbani. Baadaye atajifunza neno la vitabu. Anayeanza kusoma kwa maneno asiyoyajua anajifunza kuogopa kusoma.

Kuna wanaopinga, na sababu zao si za mchezo. Wa kwanza wanasema: mwalimu mwenyewe hajalipwa, mnamwambia habari za programu? Wana haki. Hakuna kadi memori inayolipa mshahara, na tangu elimu ya shule ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa kuliko nguvu za walimu. Lakini mwalimu asiyelipwa ndiye pia asiye na pesa ya kununua kitabu. Kumsaidia apate vitabu bure hakuzuii kudai mshahara wake. Hayo mawili yaende pamoja.

Wa pili wanauliza juu ya umeme. Ni kweli, vijijini watu wanalipa ili kuchaji simu kwenye vibanda vyenye paneli za jua. Lakini hakuna anayeomba kila mtoto awe na simu. Inatosha simu moja ya mwalimu, anayesoma usiku na kuandika ubaoni asubuhi. Maktaba ya namna hiyo inatumia chaji ileile ambayo tayari anailipa.

Wa tatu, hasa wakaguzi, wanasema vyombo hivi havifuati programu ya taifa. Hili ndilo neno zito kuliko yote. Khan Academy haijui ENAFEP, wala Exetat. Wikipedia yenyewe inaandikwa na watu wengi, na makosa hayakosi. Kwa hiyo chombo hakiwezi kuchukua nafasi ya mwalimu. Mwalimu ndiye anayechagua: somo hili la sehemu za mia linafaa wiki ya tatu, lile la volkano lifundishwe pamoja na habari za Nyiragongo ambazo watoto wenyewe waliziona Mei 2021. Mkaguzi angefanya kazi nzuri zaidi kama, badala ya kukataza simu, angekaa na walimu na kuandika orodha: darasa fulani, somo fulani, faili fulani. Orodha ya kurasa mbili ingeokoa miezi ya kutafuta-tafuta.

Hapo ndipo anapoingia mtu anayesahauliwa, yaani mtunza maktaba ya shule. Katika shule nyingi mtu huyo ni mwalimu wa kawaida aliyepewa ufunguo wa kabati. Kabati ikiungua, watu wanafikiri kazi yake imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza. Maktaba ya kadi inaomba mtunzaji kuliko ile ya karatasi. Lazima mtu mmoja aandike katika daftari kilichomo katika kila kadi, nani ameazima, lini atarudisha. Lazima kuwe nakala mbili, moja kwa mtunzaji na nyingine kwa direkta, zisilale nyumba moja, maana kadi ni ndogo kama ukucha na inapotea upesi. Lazima mtu achunguze kwamba ndani hamkuingizwa sinema na mambo yasiyofaa watoto. Kazi hiyo haihitaji diploma ya informatiki. Inahitaji uaminifu na daftari.

Redio nayo ina sehemu yake. Familia nyingi zilizohama hazina simu kubwa, lakini zina karedio kadogo, na vingi vya vile vinavyouzwa sokoni vina tundu la kadi. Hadithi ya dakika tano iliyosomwa vizuri na mwalimu, ikarekodiwa, yaweza kusikilizwa na watoto ishirini waliokaa mbele ya hema moja. Shirika la Ubongo la Tanzania limeonyesha kwamba hesabu na sayansi zinaweza kufundishwa kwa Kiswahili kupitia televisheni na redio. Redio za jamii za Kivu zina sauti, zina lugha, na zinasikilizwa. Robo saa kila jioni kwa ajili ya hadithi na hesabu haingezifilisi.

Kwa hiyo madai ni machache na yanaeleweka. Mashirika yanayogawa vifaa vya shule yaweke katika kila mfuko wa mwalimu kadi moja iliyokwisha kujazwa, na siku moja ya mafunzo. Makanisa yanayosimamia shule, ambayo ofisi zake za mjini zina mtandao, yakubali kuwa mahali pa kushushia faili kwa ajili ya shule za vijijini. Kamati za wazazi zilipie chaji ya simu ya mwalimu, kama zinavyochangia chaki. Na walimu walio mjini, wanaojua tayari, wawafundishe wenzao waliofika na mavumbi ya barabara miguuni.

Hakuna anayesema kadi memori italeta amani. Mtoto aliyehama anahitaji kwanza kulala bila kusikia mabomu, kisha kula. Lakini miaka haimngojei. Aliyekimbia akiwa darasa la tatu, asipofundishwa, atarudi kijijini na ndevu bila kujua kusoma jina la kijiji chake. Kabati ilibaki kule. Safari hii, mwalimu akilazimika kukimbia tena, vitabu viwe tayari mfukoni mwake.